Korona iliisha na kafyu?

Machi 2020, Bobi Wine na Nubian Li wa Uganda walitoa "Corona Virus Alert", wimbo mtamu wa kutukumbusha kunawa mikono na kukaa mbalimbali. Ulifaa sana wakati ule. Shida yangu ni kwamba sanaa nyingi ya korona huku kwetu ilikwama hapo, kwenye tangazo. Kafyu ya Kenya ilipoondolewa Oktoba 2021, waandishi nao wakafunga daftari. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likasema dharura imekwisha, lakini virusi bado tunavyo.

Sasa nani anamwandika yule ambaye kipimo kinasema amepona lakini mwili unakataa? Pumzi inamkatikia kwenye ngazi za ploti, miezi inapita na bado amechoka, anasahau alichokuwa akisema, na bosi anadhani ni uvivu tu. Najua ni hadithi ngumu: haina ving'ora, haina msiba. Lakini wasee wengi wanaishi humo. Tangazo halina cha kumwambia mtu kama huyo. Riwaya inaweza kukaa naye.