Zamu kama Fani: Uhakiki wa Dragon Quest V

Aghalabu fani huzaliwa na uhaba. Mchezo wa video wa Dragon Quest ulipotolewa nchini Japani mwaka 1986, mtunzi wake, Yuji Horii, alikuwa na kilobaiti 64 tu za kuhifadhia nchi nzima pamoja na watu wake, mazimwi yake na maneno yao. Kwenye mashine ya Famicom, mchezo huo haukuonyesha majeshi yakikabiliana. Badala yake, zimwi lilisimama kimya mbele ya mchezaji, na kando yake ikaandikwa orodha fupi ya amri: piga, tumia uganga, kimbia. Mchezaji alichagua, zimwi likajibu, kisha zamu ikamrudia mchezaji. Horii alijifunza mengi kutokana na michezo ya Kimarekani ya Wizardry na Ultima, iliyotoka mwaka 1981, nayo ilikuwa imerithi mengi kutoka Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, mchezo wa mezani wa dadu na karatasi.

Wako wasemao kwamba zamu ni mabaki ya uhaba huo, na kwamba mashine zikishapata nguvu haina haki ya kuendelea kuwapo. Husaidiwa na mfano wa Final Fantasy, mfululizo ulioanza kwa zamu mwaka 1987, ambao toleo lake la 16 la mwaka 2023 ni la mapigano ya papo kwa papo. Kwa mujibu wao, waipendao zamu hupenda utoto wao tu. Hoja hiyo huchanganya chanzo cha fani na thamani yake. Fani hupimwa kwa maudhui inayoweza kuyabeba, na hapana kazi inayodhihirisha jambo hili vizuri zaidi kuliko Dragon Quest V, iliyotoka mwaka 1992.

Kwanza yafaa ieleweke zamu hufanya nini. Katika mchezo huu, amri za kundi zima hutolewa mwanzoni mwa kila duru, zikishatolewa, hazirudishwi. Hivyo kuamua hutengwa na kutenda. Mcheza bao anaujua utengano huo: kete zimo mkononi, mwenzake anasubiri, na hakuna ashindaye kwa wepesi wa vidole. Kila ajali impatayo msafiri katika Dragon Quest V huweza kufuatwa nyuma hadi kwenye uamuzi wa mchezaji, aliyekuwa na muda wote alioutaka wa kufikiri. Kwa njia hii mchezaji huzoea kujiona kuwa mtu mwenye zamu, yaani mtu mwenye dhima.

Uzoefu huo ndio Horii anaoutumia. Mhusika mkuu huanza akiwa mtoto anayefuatana na baba yake, Papas. Papas hapokei amri za mchezaji. Hujiamulia mwenyewe, na baada ya pigano humganga mwanawe. Kisha adui anamkamata mtoto na kumtishia kifo, na mazimwi mawili yanamkabili baba. Pigano linaonyeshwa kwa utaratibu ule ule wa zamu. Mazimwi yanapiga, Papas harudishi mapigo. Yanapiga tena, naye anavumilia hadi mwisho. Mchezaji hapewi amri yoyote. Papas angeweza kuyashinda, lakini ameamua kutopigana, na uamuzi huo unasomeka kwa sababu tu fani imekwisha kumfunza mchezaji kwamba zamu ni nafasi ya kutenda. Katika mapigano ya papo kwa papo, kutotenda huko kungeonekana kuwa kuzidiwa.

Mtoto anapelekwa utumwani kwa miaka kumi. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye mke na watoto wachanga, anageuzwa jiwe. Tajiri mmoja anainunua sanamu hiyo iwe kinga ya mtoto wake. Majira yanabadilika, mtoto anakua, mazimwi yanamteka, na baba aliyefiwa na matumaini anaipiga sanamu mateke. Mchezaji hutazama tu. Miaka minane inapita bila zamu, na yale aliyoteseka Papas kwa hiari yake, mwanawe anayateseka kwa kulazimishwa.

Msuko wenyewe pia umejengwa kwa zamu za vizazi. Msafiri hutakiwa kuchagua mke baina ya Bianca, rafiki wa utotoni, na Flora, binti wa tajiri. Hupewa usiku mzima wa kutembea mjini na kutafakari, na nywele za watoto watakaozaliwa hufuata rangi ya nywele za mama yao. Hatimaye hubainika kwamba upanga wa shujaa mteule, ambao Papas aliutafuta na msafiri mwenyewe hawezi kuutumia, unamkubali mwanawe. Shujaa aliyengojewa si yule ambaye mchezaji amemlea tangu utotoni. Kazi yake ilikuwa kuipokea zamu na kuikabidhi.

Kazi hii si kamilifu. Mazimwi hutokea njiani mara nyingi mno, na mchezaji akiirudia amri moja mara mia, zamu hugeuka mazoea na fikira hulala. Utaratibu wa kuwaachia wenzi wajipiganie kwa mbinu ya jumla unaokoa muda, lakini pia unakiri kwamba katika mapigano mengi hapana cha kuamuliwa. Hapo fani inabaki umbo tupu, na walalamikao wana haki.

Hata hivyo, kasoro hiyo ni ya matumizi. Baldur's Gate 3, iliyotungwa Ubelgiji na kutoka mwaka 2023, na Clair Obscur: Expedition 33, ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 2025, zilitengenezwa kwa mashine zisizojua uhaba wa mwaka 1986, na zote mbili zilichagua zamu. Hazikulazimika. Uhaba ulioizaa zamu umekwisha zamani. Haja ya mtu kupewa nafasi ya kufikiri kabla ya kutenda, na kuubeba uamuzi wake baadaye, haijaisha. Mhakiki wa michezo hii hana budi kuanzia hapo, aulize katika kila kazi mchezaji amepewa zamu ya kuamua nini, na ni lini amenyimwa.