Pontevedra: mji uliochuja magari yake

Pontevedra ni mji mkuu wa mkoa wenye jina hilohilo katika jimbo la Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania. Wakazi wake ni kama 83,000. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyopita mjini humo kwa siku moja yalizidi idadi ya watu walioishi humo, na mengi yalijipenyeza katika vichochoro vya zama za kati ambavyo havikujengwa kwa ajili yake. Mwaka 1999 daktari Miguel Anxo Fernández Lores alichaguliwa kuwa meya. Katika mwezi wa kwanza takribani mita za mraba 300,000 za mji wa kale ziliachiwa waenda kwa miguu. Kasi hiyo husimuliwa sana, lakini kilichoufanya mpango udumu ni namna magari yalivyochambuliwa.

Wapangaji wa mji waliyagawa mafungu matatu. Yako yanayopita tu, yakiutumia mji kama njia ya mkato. Yako yanayozungukazunguka kutafuta pa kuegesha. Na yako yenye shughuli ya lazima: mkazi anayeingia gereji ya nyumba yake, gari la mizigo, gari la wagonjwa, mtu mwenye ulemavu. Mafungu mawili ya mwanzo ndiyo yaliyokuwa yakiisonga mitaa, na kila moja lilipata dawa yake. Njia za mkato zilikufa baada ya mielekeo ya mitaa kubadilishwa: gari linaloingia kwa upande fulani huzungushwa na kutokea upande uleule, kwa hiyo dereva anayetaka kukatiza hapati faida yoyote. Maegesho ya kando ya barabara katikati ya mji yaliondolewa. Badala yake yakawapo ya chini ya ardhi, na mengine ya bure pembezoni. Asiyetarajia kupata nafasi haingii kuitafuta. Fungu la tatu liliruhusiwa kuendelea, kwa mwendo wa pole na kwa muda mfupi wa kupakia na kushusha. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, kwani marufuku kamili ingewaumiza kwanza wazee na wagonjwa, yaani walewale ambao mtaa salama unawahusu zaidi.

Ujenzi wenyewe ulifuata mantiki hiyo. Katika mitaa mingi barabara na njia ya pembeni zimekuwa sakafu moja ya mawe, bila ukingo. Kiti cha magurudumu hakikutani na kizuizi, na dereva haoni ukanda wa kuuita wake. Pale barabara ilipobaki peke yake, kivuko kilinyanyuliwa kikalingana na njia ya watembeao: gari ndilo linalopanda na kushuka, mtu hupita sawasawa. Taa za kuongozea magari ziliondolewa katikati ya mji na vipilefti vikachukua kazi yake. Mwaka 2010 ukomo wa kilomita 30 kwa saa ukawekwa.

Wenye maduka walipinga mwanzoni, wakihofia kwamba mteja asiyefika na gari hatafika kabisa. Halmashauri nayo ilikataa kutoa vibali vya maduka makubwa mapya, hatua iliyosaidia biashara ndogo kustahimili mdororo wa uchumi uliofuata. Baadaye wafanyabiashara hao waliingia katika mpango wa njia za shule, uliochota mawazo ya Francesco Tonucci, Mwitaliano aliyeanzisha mradi wa mji wa watoto huko Fano mwaka 1991. Mtoto anayekwenda shule bila mzazi hukuta watu wazima wa kujitolea kwenye vivuko, na maduka yenye alama mlangoni ambamo anaweza kuingia akipatwa na shida. Usalama wa mtaa ukawa kazi ya wanaoutumia, na hilo halitimizwi na kontrakta yeyote.

Ramani iitwayo Metrominuto, ya mwaka 2011, inastahili kutajwa. Imechorwa kama ramani ya treni za chini ya ardhi, ila mistari yake ni matembezi: kati ya kituo na kituo pameandikwa mita na dakika za kwenda kwa miguu. Wengi hudhani mahali ni mbali kwa sababu tu hawajawahi kupapima kwa hatua zao, na ramani hiyo huwajibu papo hapo.

Kati ya 1996 na 2006 watu 30 walifia katika mitaa ya Pontevedra kwa ajali za barabarani; katika miaka kumi iliyofuata walikufa 3. Utoaji wa hewa ya ukaa umepungua kwa takribani asilimia 70, na katikati ya mji pameongezeka wakazi wapatao 12,000. Mwaka 2014 mji ulipata tuzo ya Dubai iliyotolewa pamoja na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Malalamiko hayajakoma: foleni zimehamia barabara za pembezoni, na wapo wanaosema maegesho ya nje hayatoshi.