Watu Si Maji

Mwishoni mwa Aprili 1994 nilikuwa mfasiri katika chumba cha habari cha gazeti moja la Kiswahili jijini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza Kiswahili taarifa za mashirika ya habari ya nje kabla mhariri hajaanza kufoka. Usiku mmoja ilikuja taarifa kwamba Wanyarwanda wapatao 250,000 wamevuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 tu. Mwandishi wake alitumia neno "flood". Nami bila kufikiri mara mbili nikaandika kichwa cha habari: "Mafuriko ya wakimbizi Ngara". Nikanywa chai, nikaenda kulala.

Majuma machache baadaye jirani yangu, dereva wa lori, alirudi kutoka huko. Aliliona gazeti lile, akanitazama. "Bwana mwandishi, mafuriko gani haya? Mimi niliona watu wamebeba magodoro na watoto. Maji niliyoyaona ni ya mto Kagera, nayo yalikuwa yanashusha maiti."

Sikuwa na jibu, na swali lile sijaachana nalo mpaka leo.

Mwanaisimu wa Kiingereza, J. R. Firth, alieleza mwaka 1957 kwamba maana ya neno hujulikana kwa maneno linalozoea kukaa nayo. Sisi tungesema ndege wa ubawa mmoja huruka pamoja. Neno moja peke yake halina hatia. Tazama linaandamana na nani. Mwaka 2008 watafiti Costas Gabrielatos na Paul Baker walichapisha uchunguzi wao wa magazeti ya Uingereza ya kuanzia 1996 hadi 2005, yenye jumla ya maneno yapatayo milioni 140. Walikuta kwamba wakimbizi na wahamiaji huandamana mara kwa mara na maneno ya maji: wanafurika, wanamiminika, wanakuja kwa mawimbi. Si mwandishi mmoja mwenye chuki aliyefanya hivyo. Ni mazoea ya wengi, wengine wakiwa watu wema kabisa wenye haraka ya kuwahi mtambo wa uchapaji.

Atatokea wa kusema kwamba ni tamathali tu, kwani hata barua za pongezi humiminika. Ni kweli. Lakini barua za pongezi hazijengewi ukuta. Mafuriko yakitajwa, akili ya msomaji huanza yenyewe kutafuta mchanga na mawe ya kuyazuia; wala hakuna anayeyauliza mafuriko yanakimbia nini. Tena neno hilo linatuonyesha mwandishi amesimama wapi: amesimama pakavu, juu ya kilima, akihofia nyumba yake. Aliyemo njiani na mtoto mgongoni hajioni kuwa maji hata kidogo. Tazama pia kwamba Mwingereza anayehamia Dar es Salaam kikazi huitwa "expatriate", na Mtanzania anayehamia London huitwa "immigrant". Wote wawili wamevuka bahari kutafuta riziki, ila wa kwanza sijapata kusoma kwamba amefurika.

Na maji yana ubaya mwingine, ambao niliuona baadaye sana. Tone moja halitofautiani na jingine. Katika kambi ya Benaco, pale Ngara, walikuwamo kina mama na watoto wasio na kosa, na alikuwamo pia Jean-Baptiste Gatete, meya wa zamani wa Murambi, ambaye mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari. Watu wana majina, wana viongozi, wana matendo ya kuulizwa. Kichwa changu cha habari kilimnyima mama huruma yake, na papo hapo kikamsitiri muuaji.

Basi tusikilaumu Kiingereza peke yake. Mwaka 2013 shirika la habari la Associated Press la Marekani liliwakataza waandishi wake kumwita mtu yeyote "illegal immigrant". Kitendo ndicho kinachoweza kuvunja sheria, wala si mtu mwenyewe. Magazeti yetu hadi leo yanaandika "wahamiaji haramu". Hebu lipime neno hilo, ndugu msomaji. La Kiingereza linanuka mahakama na karatasi. Letu linanuka nguruwe, pombe, na mtoto aliyetukanwa kwa dhambi ya wazazi wake. Tulipolifasiri tulilitia uzito ambao Mwingereza mwenyewe hakuwa nao, kisha tukalizoea mpaka halitukwaruzi tena masikioni.

Zamani nilikuwa na udhuru: vichwa vya habari vina nafasi finyu. Juzi nilikaa na kalamu nikakiandika upya kile cha 1994: "Watu 250,000 wakimbilia Ngara". Nikahesabu. Maneno manne, sawasawa na yale ya kwanza. Nafasi ilikuwapo usiku ule.