Puli, Nozeli na Mizani ya Fundi

Miongoni mwa sanaa zinazofanywa kwa mikono iliyolowa girisi, sioni hata moja iliyonyimwa sifa yake kama ile ya fundi ambaye, akiletewa injini na mwenyewe akimtaka aizidishie nguvu, haanzi kwa kufungua bolti bali kwa kuuliza: gari hili litapanda wapi, litashuka wapi, litanyweshwa mafuta ya nani, na dereva wake ni mtu wa tabia gani, kisha hushika kalamu, akagawanya kipenyo kwa kipenyo na ujazo kwa dakika, mpaka awe na yakini kwamba nguvu anayoombwa ina riziki ya kuitosha. Watu humsifu dereva aliyetangulia kufika, na humsifu tajiri aliyenunua chombo cha thamani, walakini yule aliyekaa akakadiria, ambaye lau angekosea kwa milimita chache pistoni zingeyeyuka, aghalabu hatajwi barazani.

Hapa Uvira, baina ya maji ya Tanganyika na kuta za milima, magari ya fahari ya namna hiyo si ya kuonekana kila siku. Lakini elimu yenyewe ya puli na mafuta imo mjini tangu zamani, nayo hukaa katika nyumba za mashine za kusagia mihogo. Injini ya mazutu ya silinda 1, ya aina ile ya Kichina izungukayo takriban mara 2,000 kwa dakika, huunganishwa kwa mkanda na kinu cha nyundo kinachotaka kuzunguka mara 3,000 au zaidi ili unga wa bugali utoke laini. Basi fundi hana budi kutafuta puli ya injini iliyo kubwa kuliko ya kinu kwa mara moja na nusu. Akitamani zaidi, akaifunga kinuni puli ndogo kupita kiasi, unga hutoka laini ajabu kwa kitambo, kisha injini huelemewa, moshi mweusi hupanda, na mkanda huteleza hata ukanuka mpira ulioungua. Na akidhani dawa ni kuifungulia pampu mafuta mengi zaidi, joto huzidi pale pale palipokuwa na joto. Kasi, mzigo, mkanda na riziki ya mafuta: mambo hayo manne ndiyo yale yale yanayomkabili fundi wa gari la mashindano, ila kwake huenda kwa kasi kubwa mno na hasara yake haingoji.

Supachaja ni chombo cha kuishindilia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta kwa pumzi yake yenyewe. Asili yake si ya magari hata kidogo: ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walikuwa wamekwisha kuvumbua mnamo mwaka 1860 mashine ya mapanga mawili yanayozungukiana, nayo ikatumika kupuliza hewa viwandani, kisha Gottlieb Daimler akafikiri, katika miaka ya 1880, juu ya kuipa injini hewa kwa nguvu, na mwaka 1921 kampuni ya Daimler ikawaonyesha watu mjini Berlin magari yake ya Mercedes ya kuuzwa yenye chombo hicho. Mhunzi wetu wa kale, aliyekaa mbele ya tanuri na mivukuto yake, angeifahamu kazi hiyo bila ya kuelezwa, maana yeye naye alijua kwamba moto hauongezewi kuni tu, bali huongezewa pumzi. Tofauti ya supachaja na tabo ni kwamba tabo huzungushwa na moshi unaotoka, ilhali supachaja hufungwa kwa mkanda kwenye kranki yenyewe, na kwa hivyo kila mzunguko wa injini ni amri kwake. Haina kuchelewa, haina kusitasita, na kasi yake yote imo katika uwiano wa puli mbili.

Tuchukue mathalani puli ya kranki yenye kipenyo cha milimita 180, na ya supachaja yenye milimita 90. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, supachaja itazunguka mara 12,000. Mwenye gari akataka zaidi, akaletewa puli ya milimita 80: kasi inapanda hadi 13,500. Akataka zaidi tena, akapewa ya milimita 75: sasa ni 14,400, na kama aliyeiunda supachaja hiyo ameandika kwamba kikomo chake ni 14,000, basi tumekwisha kutoka katika amana yake tukaingia katika bahati nasibu. Tena hasara si ya beringi na gia peke yake. Hewa inaposhindiliwa hupata moto. Ile iliyoingia kwa nyuzi 30 za joto la kwetu yaweza, katika chombo cha namna ya Roots kinachozidisha msukumo kwa baa 0.7, kutoka ikiwa imepita nyuzi 100 endapo hakuna kipozeo njiani, na hewa ya moto ni nyepesi, kwa hivyo sehemu ya kile kilichoshindiliwa hupotea, na tena huikaribisha injini kugonga, yaani mchanganyiko kujiwakia wenyewe kabla ya wakati wake. Zaidi ya hayo, puli ikiwa ndogo mkanda huikumbatia kwa eneo dogo, nao huteleza. Ndipo fundi stadi, kabla ya kununua puli nyingine ndogo zaidi, huongeza rola ya kuukaza mkanda, naye mara nyingi huipata kasi aliyokuwa akiipoteza bila ya kugusa jambo jingine lolote. Mimi humpima fundi kwa hilo: kwamba aliangalia mkanda kwanza.

Kuhusu mafuta, hapo ndipo pana adabu yote ya kazi hii. Esansi huwaka sawasawa ikiwa kila kilo 1 ya mafuta imepata kilo 14.7 za hewa. Lakini injini iliyoshindiliwa, ikiwa katika nguvu zake zote, hutaka mafuta mengi kuliko hayo, kiasi cha kilo 1 kwa 12 au pungufu kidogo, kwa kuwa ile ziada hupoza chumba cha moto. Gari la silinda 4 lenye nguvu za farasi 300 hunywa, likikanyagwa hadi mwisho, karibu lita 107 kwa saa. Yaani kila nozeli hupitisha takriban mililita 450 kwa dakika. Na kwa kuwa nozeli haifai kukaa wazi zaidi ya asilimia 85 ya wakati wake, yapasa ichaguliwe ile yenye uwezo wa mililita 525 au zaidi. Wako wanaokwepa gharama kwa kuongeza msukumo wa mafuta kwenye nozeli za zamani, na hesabu inawasuta: mtiririko huenda kwa kipeuo cha pili cha msukumo, hata mtu akitaka asilimia 20 ya ziada humlazimu auongeze msukumo kwa asilimia 44, na pampu, ambayo hutoa kidogo kadiri inavyosukumiza kwa nguvu, huchoka hapo hapo. Kisha kuna kirekebisha msukumo: hewa ikishindiliwa kwa baa 0.7, mafuta yaliyokuwa kwenye baa 3 yapasa kupanda hadi 3.7, ili nozeli isihisi kwamba inazuiwa mlangoni. Na kuna waya wa pampu, mwembamba na mkongwe, unaokula umeme njiani. Nimeona watu wakibadilisha pampu nzima kwa sababu ya waya huo.

Sasa niseme lile ambalo vitabu vya magari, vilivyoandikwa na watu wa nchi tambarare, hulipitia kwa haraka, na ambalo mtu wa pwani hii ya kaskazini ya ziwa hawezi kulipitia. Ziwa letu liko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hapo msukumo wa hewa ni kama asilimia 91 ya ule wa Dar es Salaam au Mombasa. Lakini ukiliacha bonde la Ruzizi ukapandia Lemera, ukaelekea Mulenge na nyanda za juu za Itombwe, ambazo sehemu zake hupita mita 2,500, utakuta hewa iliyobaki kule juu ni pungufu kwa karibu sehemu 1 ya 5 kuliko ya Uvira. Supachaja yenye puli isiyobadilika hushindilia kwa uwiano, si kwa kiasi kimoja daima: ikipewa hewa haba hutoa haba. Basi fundi anayejaribu gari milimani, akaliona limelegea, akalifunga puli ndogo mpaka likachangamka, hajui kwamba ameandika hukumu; kwa maana siku gari litakaposhuka hadi Kalundu, kando ya ziwa, puli ile ile italimezesha hewa nyingi nzito ya ziwani, msukumo utapanda kupita alivyopima, nozeli zilizotosha juu hazitatosha chini, na injini itaunguzwa na mafuta machache katikati ya barabara iliyonyooka, pasipo mlima wala mzigo wa kulaumiwa.

Na ajabu ni kwamba jirani yake, makanika wa magari ya mazutu, huyakuta mambo yakiwa yamepinduka. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ya silinda 6 na lita 4.2, ambayo imekuwa ikitengenezwa bila ya tabo tangu mwaka 1990 na kubeba wagonjwa, wauguzi na magunia katika mashariki ya Kongo, ikipanda ngazi za Ngomo kutoka Kamanyola kuelekea Nyangezi, hutoa moshi mweusi kwa sababu pampu yake yaendelea kutoa mafuta ya bondeni ilhali hewa imepungua. Katika injini ya esansi iliyoshindiliwa, uchache wa mafuta ndio unaoua. Katika hii ya mazutu, wingi wake. Fundi anayeifunga tabo injini hiyo, kisha akaugeuza msumari wa hesi wa kuongezea mafuta pampuni kidogo kidogo, akikiangalia kipimo cha joto la moshi kabla ya kuugeuza tena, anafanya kazi ya nasaba moja na yule wa puli, na wote wawili nawapa heshima moja.

Afrika Mashariki imewahi kuiona sanaa hii katika daraja lake la juu. Katika mashindano ya Safari ya Kenya ya mwaka 1986, Markku Alén alimaliza wa 3 akiendesha Lancia 037, gari la supachaja iliyoitwa Volumex, nyuma ya Toyota Celica mbili zenye tabo za Björn Waldegård na Lars-Erik Torph. Gari hilo, lenye kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, ndilo lililowapa Lancia ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1983 mbele ya Audi. Wengine huyataja matokeo ya 1986 kuwa ushahidi kwamba tabo iliishinda supachaja. Mimi nayasoma vingine. Gari lililoundwa kwa lami na njia za Ulaya kuvumilia vumbi, matope na mabonde ya Kenya, kuanzia chini hadi nyanda za juu, na mkanda wake ukaendelea kuzunguka mpaka mwisho, ni ithibati kwamba waliochagua puli zake na nozeli zake waliacha akiba ya kutosha, nao waliiacha kwa makusudi.

Akiba hiyo kwetu ni faradhi zaidi kuliko kwao, maana mafuta ya mashindano hupimwa, na yetu hununuliwa pengine kwenye chupa na madumu ya wale ambao Wakongo huwaita kadhafi, kando ya barabara, na hakuna ajuaye yamechanganywa na nini. Kwa hivyo fundi mwenye insafu hufunga pampu na nozeli kwanza, akaliacha gari litembee na puli yake ya zamani, akaifungua plagi, akasoma rangi yake, akausikiliza mwendo, na puli huja ya mwisho. Mwenye gari akikaa Uvira na kazi zake zikiwa za milimani, puli hiyo huchaguliwa kwa hewa ya Kalundu, wakati wa jua la mchana, kwa mafuta mabaya kuliko yote yanayouzwa mjini, hata kama gari litakuwa zito kidogo kule Lemera. Na akimshikilia fundi ampe ile ya milimita 75, fundi humrudishia funguo zake.