Kutunga Asumini, Kutunga Beti

Upo mtindo uliozoeleka katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili. Mshairi akitaja chungu, mhakiki huuliza chungu hicho ni nani. Akitaja nazi, huambiwa ni mwanamke. Akitaja bustani, ni nchi. Akitaja moto wa jikoni, ni ghadhabu ya wanyonge. Mtindo huo haukuzuka bure. Washairi wa pwani ni mafundi wa fumbo, na msomaji asiyejua kufumbua hukosa nusu ya utamu. Hata hivyo, mazoea hayo yana hasara yake, nayo haijahesabiwa vya kutosha. Chungu kikishageuzwa kuwa mtu, hakuna akumbukaye tena kwamba kilikuwa jikoni, kwamba yupo aliyekiteleka, na kwamba harufu iliyotoka humo ilikuwa raha kwa waliokuwamo nyumbani.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kuielewa, ingawa matokeo yake si madogo. Raha ndogo za nyumbani, yaani kupika, kushona, kufuma, kusuka ukili na kutunza maua uani, ni elimu ambayo fumbo limejengwa juu yake. Asiyekijua kitu hawezi kulifumbua fumbo lake. Na mshairi asiyekijua hawezi hata kulifumba.

Lugha yenyewe ni shahidi wa kwanza. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa kazi tatu: shanga hutungwa, maua hutungwa, na shairi nalo hutungwa. Samaki waliopitishwa ujiti huitwa mtungo, na utungo ni jina la shairi. Ubeti nao umetokana na neno la Kiarabu, bayt, lenye maana ya nyumba. Kwa hiyo anayetunga beti, kwa mujibu wa maneno anayoyatumia, anaunganisha nyumba kwa uzi. Tena yapasa kuutazama umbo lake utendi. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya mwanzo vina kina chao, na cha nne hurudia kina kimoja tangu mwanzo wa utendi hadi mwisho. Hivyo ndivyo ushonwavyo mkeka: ukili mmoja mrefu huzungushwa, ukingo kwa ukingo, na uzi uleule hurudi kila mshono mpaka mkeka ukamilike. Si lazima kudai kuwa watunzi wa kale waliiga mkeka. Yatosha kusema kuwa walikaa juu yake walipokuwa wakitunga, na kwamba sikio lililozoea marudio ya kazi ya mkono halikuona tabu kuyapokea marudio ya kina.

Utendi unaostahiki kutazamwa kwanza ni ule wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa muda mrefu na Sultani wa Zanzibar, aliutunga akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Huuanza kwa kumwita binti akae karibu, achukue wino na karatasi, na humwahidi kuwa atamtungia kidani cha lulu na marijani. Hapo tayari kazi ya mkono na kazi ya ulimi zimekuwa kitu kimoja: kidani ndicho utendi wenyewe.

Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huo Uingereza mwaka 1934, waliupa jina la Kiingereza lenye maana ya nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Jina hilo limewaongoza wasomaji wengi. Tangu hapo utendi umesomwa kama orodha ya amri: mlishe mume, mpepee, mnyoe, mfukize ubani asubuhi na jioni, usimkere. Wapo waliousifu kwa sababu hiyo, na wapo walioulaani kwa sababu iyo hiyo. Wengine, miongoni mwao Ann Biersteker katika makala yake ya mwaka 1991, wamehoji kama kauli zake zote zafaa kuchukuliwa kwa uso wake, wakaona kejeli palipodhaniwa kuwa ni utiifu mtupu. Mjadala huo ni wa haki na haujakwisha. Lakini pande zote zimezungumza juu ya mume. Ni nadra kumsikia mhakiki akizungumza juu ya asumini.

Nayo asumini imo. Katika ubeti mmoja mama anamwambia binti aoge, ajisinge, afunge nywele, atunge asumini na aiweke kitandani. Wanaotafuta wajibu huupita ubeti huo upesi, kwa kuwa wameshaelewa: mke ajipambe kwa ajili ya mume. Asomaye kwa kuijua kazi yenyewe huona zaidi. Asumini huchumwa jua likipungua, ingali matumba, kwa sababu hufunguka usiku. Hutungwa kwa mkono mwepesi, sindano ikipita kwenye kikonyo, maana ua likibonyezwa hubadilika rangi. Kwa hiyo mpangilio wa vitenzi katika ubeti huo ni mpangilio wa saa: joto limepungua, maji yamemwagwa mwilini, mafuta yamepakwa, nywele zimetulia, na mikono sasa yaweza kukaa kitako na uzi. Mama mgonjwa anamrithisha binti jioni nzima, na jioni hiyo, kabla ya mtu yeyote kuingia chumbani, ni ya mwanamke mwenyewe. Mume angeweza kuchelewa, angeweza kuwa safarini, na asumini ingefunguka vilevile.

Hili halifuti wajibu uliomo katika utendi. Laonyesha tu kwamba ndani ya wajibu ilikuwamo raha, na kwamba Mwana Kupona aliijua tofauti. Mtu anayetoa amri tupu hana haja ya kuzipanga amri zake kwa kufuata machweo.

Hata hivyo, mhakiki akishaitetea raha ya nyumbani, hana budi kujibu swali zito zaidi: ilikuwa raha ya nani? Mwana Kupona huyohuyo anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Ubeti huo nao haufai kupitwa upesi. Nyumba ile nadhifu ilikuwa na mikono mingine ndani yake. Yupo aliyeteka maji ya kuogea, yupo aliyetwanga na kupepeta, na majina yao hayakutiwa katika kidani. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Tungo nyingi zinazosifiwa kwa uzuri wa maisha ya nyumbani zilitungwa kabla ya hapo. Kuzisoma kwa haki ni kushika mambo mawili kwa pamoja: harufu ya asumini, na mgongo wa aliyechota maji.

Utungo mmoja umempa mtu huyo nafasi yake. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa amefungwa Pate. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada, na walinzi hukipokonya kila kilicho kizuri. Liyongo humwimbia Saada ujumbe wa mafumbo: mama afanye mikate, na katika ule wa wishwa atie tupa. Walinzi waila mikate ya unga safi. Ule wa wishwa wakauacha umfikie mfungwa kama jambo la dharau. Tupa ikafika, minyororo ikakatwa huku ngoma ya gungu ikifunika sauti yake.

Kisa hiki husimuliwa aghalabu kwa kusifu akili ya Liyongo. Lakini njama nzima imesimama juu ya ujuzi wa jikoni. Lazima mtu ajue kuwa wishwa hufanya mkate mzito na mweusi, ambao uzito wake hautamshangaza mtu. Lazima ajue kiasi cha kinyunga kitakachoificha tupa bila ya mkate kupasuka ukiokwa. Zaidi ya yote, lazima ajue jinsi walaji wanavyochagua: mkono wa mlafi huenda kwenye cheupe. Liyongo alitoa wazo, mama alikanda, na kijakazi alibeba. Bila ya wanawake wawili wanaoujua unga, shujaa angekufa kifungoni na utendi usingekuwapo. Hapa mkate ni fumbo, naam, kwa maana halisi: kitu kimefumbwa ndani yake. Ila umelifumba jambo kwa sababu ni mkate kwanza, tena mkate mbaya.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yaonekana kuwa mbali kabisa na mambo haya. Ni utungo wa kuukumbusha moyo mauti, na mfano wake ni mji wa Pate ulioporomoka. Wahakiki huutaja kuwa ni utungo wa kuidharau dunia. Lakini namna anavyoihesabu dunia hiyo yashangaza. Hazungumzi juu ya utajiri kwa jumla. Anazitaja taa zilizoufanya usiku uwe kama mchana, vyombo vya sini, vitanda na mito yake. Kisha anaonyesha kilichobaki: popo darini, utando wa buibui, na zidaka, zilizochongwa ukutani ili zipangwe sahani, sasa zimelaliwa na makinda ya ndege.

Kidaka kile kimebeba uzito wa utungo wote. Msomaji wa visiwani aliyewahi kuiona nyumba ya kale anajua kidaka kilikuwa nini: mahali ambapo mwenye nyumba alipanga sahani zake, akarudi nyuma hatua moja, akasogeza moja, akaridhika. Hakuna faida ya biashara katika tendo hilo. Ni raha tu ya kuona kitu kikiwa mahali pake. Mshairi asingeweza kuhuzunisha kwa kidaka kitupu kama hakuwahi kupendezwa na kidaka kilichojaa. Zuhudi yake ina nguvu kwa kuwa alikijua anachokiacha. Aidharauye dunia bila ya kuionja hatoi sadaka yoyote.

Tungo hizi tatu, basi, zinakutana mahali pamoja. Mmoja ni wasia, wa pili ni tendi ya shujaa, wa tatu ni mawaidha ya dini, na kila mmoja umeegemea kitu cha nyumbani kilichojulikana kwa mkono: ua, mkate, kidaka. Kitu hicho kikiondolewa, hubaki amri, vita na hofu, mambo ambayo hayakosekani katika fasihi ya taifa lolote.

Jambo hili lawahusu watunzi wa leo pia. Mashairi mengi hutaja jiko, lakini jiko lenyewe ni la kuambiwa. Mtunzi aandikaye kuwa tui zito lilichemka tangu mwanzo ameharibu mchuzi na fumbo kwa mpigo mmoja. Kila mpishi ajua kuwa tui jepesi hutangulia, na lile zito hungoja mwisho, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Mwenye kulijua hilo ana fumbo la subira mikononi mwake bila ya kulitafuta. Vivyo hivyo kofia ya kiua: vitundu vyake hushonwa kimoja kimoja, na mshono uliokosewa leo huonekana kofia ikishakamilika. Mtunzi wa beti angejifunza mengi kwa kukaa na mshona kofia.

Hakuna sababu ya kuililia kazi ngumu. Tui sasa hupatikana katika pakiti, mikeka ya plastiki imetanda barazani, na hapana anayepaswa kuumia mgongo juu ya mbuzi ili shairi lipate picha nzuri. Linalohofiwa ni jingine. Kijana wa sekondari anayesomeshwa Mwana Kupona huambiwa katika maelezo ya pembeni kuwa asumini ni aina ya ua lenye harufu nzuri. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayamsaidii. Atafaulu mtihani kwa kuandika juu ya nafasi ya mwanamke katika jamii, na ubeti wenyewe utakuwa umempita.

Chapa mpya za tungo za kale zahitaji maelezo ya aina nyingine, yanayosema kitu hufanywaje: asumini huchumwa saa ngapi na hutungwa kwa uzi gani, wishwa hukandwa vipi, zidaka zilipangwaje, na nani aliyezifuta vumbi. Maarifa hayo hayamo maktabani. Wanayo kina bibi wa Lamu, Unguja na Pemba, ambao hawajawahi kuulizwa na mhakiki yeyote, na ambao hawatakuwapo siku zote kuulizwa.