Kabla ya Kubernetes, tufungue Kobo

Ndugu wenzangu mliomaliza masomo, na ninyi mnaosoma bado, leo naandika juu ya ekspoze za "kiwango cha juu" ambazo klabu ya programu huria inatutolea hapa Bunia. Sitataja majina ya waliozungumza. Hawalipwi hata franka moja, na wengine ni marafiki. Lakini kazi inayotolewa mbele ya watu inastahili kupimwa kwa haki, sawa vile tunavyopima wimbo ao kitabu. Kusema "iko muzuri, bravo!" kila mara, kisha kurudi nyumbani, si heshima kwa mtu aliyekesha akitayarisha.

Nianze na mazuri, maana yako mengi. Mlango uko wazi. Uwe umetoka UNIBU, Shalom ao ISP, uwe hata haukufika chuo, hakuna anayekuuliza kadi. Umeme ukikatika, watu wanachanga mafuta ya jenereta. Mwenye kuwa na mega anapakua programu usiku, kesho yake zinazunguka kwa flashi paka kila mashini imepata. Mtu hawezi kusema klabu hii haifanyi kitu.

Shida yangu ni lile neno "kiwango cha juu". Polepole limegeuka kuwa na maana ya kitu chenye jina zito, kilicho mbali, ambacho hakuna kati yetu atakayekigusa mwaka huu. Mimi naona maana yake ni nyingine: kukifungua kitu paka uone kinavyotembea ndani, na uone pale kinapoweza kuharibika. Nichukue ekspoze tatu nilizosikiliza, halafu niseme ile ya ine ambayo nangojea bado.

Ya kwanza ilikuwa juu ya Kubernetes. Kwa wasioijua, ni programu ambayo Google iliiachia watu wote mwaka 2014. Kazi yake ni kupanga programu nyingi juu ya seva nyingi, ili seva moja ikikufa, kazi yake ihamishiwe kwa nyingine bila mtu kuamka usiku. Ni kitu kikubwa kweli. Lakini slaidi zilikuwa za Kiingereza, maelezo ya Kifaransa, na sehemu kubwa ilikuwa kusoma majina ya vipande vyake kimoja kimoja. Koneksio ilipokatika, onyesho likageuka kuwa video ya mtu wa mbali. Mwisho: "Maswali?" Kimya. Watu wakapiga makofi.

Maswali yalikuja, ila yalikuja kwenye geti, na kwa Kiswahili. Kijana mmoja wa mwaka wa pili aliuliza wenzake: "Sasa ile seva inajua namna gani kama mwenzake amekufa? Na kama hayuko amekufa, ni koneksio tu njo imekatika?" Ndugu zangu, hilo ndilo lilikuwa swali zuri kuliko yote siku ile. Ni moja ya maswali magumu katika fani yetu: mashini mbili zinapozungumza kwa mtandao, kimya cha moja hakiiambii nyingine kama imekufa ao imechelewa. Watu wa Ituri tunalijua swali hilo kwa mwili. Unapiga simu ya ndugu yako kule Djugu, haipatikani. Betri imekwisha? Mnara hauna mafuta? Ao ni lile usilotaka kufikiri? Unachofanya ni kungoja muda fulani, kisha unaamua. Kubernetes nayo inafanya vilevile, inangoja muda uliopangwa, kisha inaihesabu seva ile kuwa haipo. Mzungumzaji angeanzia hapo, sali nzima ingeamka. Lakini yeye hakulisikia swali lile, sababu lilikosa lugha ya kuulizwa ndani.

Ekspoze ya pili ilikuwa juu ya usalama: ile habari ya xz ya mwaka 2024. Mzungumzaji huyu alijua kusimulia. Mtu anayejiita Jia Tan anajenga imani kwa muda mrefu ndani ya mradi mdogo wa kubana faili, anapewa ruhusa, kisha anaingiza mlango wa siri. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund anautangaza, baada ya kuona kwamba kuingia kwenye mashini yake kwa ssh kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida. Tulisikiliza kama filamu. Tulitoka kama vile watu wanavyotoka kwenye filamu, tumeogopa kidogo, na mikono mitupu.

Hapo ndipo ninapoilaumu. Toleo zilizoharibiwa zilikuwa mbili tu, 5.6.0 na 5.6.1. Wenye Linux kwenye sali tulikuwa wengi. Ilitosha kusema: fungueni mashini zenu, andikeni xz --version, tuone. Dakika mbili. Kisha swali lililo zito kwetu: sisi tunaogawana programu kwa flashi, tunahakikisha namna gani kwamba faili iliyofika ni ile ile iliyotoka kwa wenyewe? Kuna jibu, na linafundishika: kulinganisha sha256sum ya faili na ile iliyotangazwa, na kukagua sahihi ya watengenezaji. Klabu inayoishi kwa flashi ilikuwa na haja ya kuambiwa hilo kuliko habari za majasusi. Na somo kubwa la Freund lilipita bila kuguswa: yeye hakuwa anawinda mtu. Alikuwa anapima kitu chake mwenyewe, akaona kuna kidogo kisicho sawa, akakataa kukiacha.

Ya tatu ndiyo iliyonionyesha kwamba klabu inaweza. Ilikuwa juu ya git. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, na mwaka 2007 alienda kuizungumzia mbele ya watu wa Google. Jambo alilolisisitiza kule ni kwamba kila mtu ana nakala nzima ya kazi na historia yake, hakuna haja ya kuomba seva ya katikati kila hatua. Kwa watu wa Google, wenye mtandao kila kona, ilibidi abishane kidogo. Kwa Bunia hoja hiyo haihitaji mabishano! Mzungumzaji wetu alikuja na mashini mbili na flashi moja, bila intaneti kabisa. Akaweka mradi kwenye flashi, akauchukua kwa mashini ya pili, akabadilisha mstari, akarudisha. Kisha akavuruga kwa makusudi herufi moja ndani ya faili za git zenyewe, akaonyesha git inavyokataa. Ile namba inayotokana na maandishi yenyewe aliiita "alama ya kidole". Neno hilo moja lilifanya kazi kuliko slaidi kumi. Watu waliuliza maswali kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala, na mzungumzaji alisema mara mbili, "Hapo sijui, tujaribu." Wakajaribu.

Oneni tofauti. Somo la git halikuwa jepesi kuliko la Kubernetes. Kuingia ndani ya faili za .git ni kazi ya watu wanaojua. Ila kila mtu aliona kitu kikitendeka mbele yake, kwa mashini inayofanana na yake.

Sasa ile ya ine. Wangapi kati yetu tulipata pesa ya kwanza baada ya chuo kwa kazi ya anketi? Unaitwa na shirika, unapewa simu yenye KoboCollect, unaenda kuuliza watu maswali kwenye kambi ya Kigonze ao vijiji vya mbali. Kobo ni programu huria, kodi yake iko wazi kwa yeyote. Jina lenyewe si la Wazungu: kobo ni Kiacholi, lugha ya kaskazini ya Uganda iliyo ndugu ya Kialuri cha kule kwetu Mahagi, na maana yake ni kuhamisha. Walioianzisha, Phuong Pham na Patrick Vinck wa Harvard, walifanya anketi Uganda, na mwaka 2007 wakafika Ituri na Kivu zote mbili. Sehemu ya simu inatokana na ODK, mradi uliozaliwa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 2008, ambapo Yaw Anokwa alikuwa mmoja wa waanzilishi. Kati ya waliotumia ODK mapema ni AMPATH ya Eldoret, Kenya. Yaani kitu hiki kimepita kwetu na kwa majirani zetu tangu mwanzo, na bado hatujawahi kukiwekea hata ekspoze moja.

Mtu atasema: Kobo ni ya kubofya tu, hiyo si kiwango cha juu. Haya, tuangalie ndani.

Simu kumi ziko mahali hapana mtandao. Kila fomu inayojazwa lazima ipate jina lake, lisilofanana na la simu nyingine, na hakuna seva ya kuuliza. Kobo inafanyaje? Inaipa kila fomu namba ya herufi na tarakimu 32, karibu zote zimetungwa kwa bahati nasibu, ndefu kiasi kwamba simu mbili hazitegemewi kugongana. Jioni mnarudi mjini, unatuma, koneksio inakatika katikati. Ilifika ao haikufika? Unatuma tena, na seva ikiona namba ile ile inaweza kujua ni fomu ile ile, isiihesabu mara mbili. Hilo ni jambo la kiwango cha juu, na ni jirani wa swali la yule kijana wa getini: ukikosa jibu hujui kilichotokea, kwa hiyo jenga kitu ambacho kurudia hakukiharibu.

Tena kuna mambo ya saa. Kobo inaandika saa ya kuanza na ya kumaliza fomu kwa kufuata saa ya simu. Saa ya kupokelewa inaandikwa na seva, kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Bunia kwa saa mbili. Rafiki yangu mmoja alifanya anketi mchana kutwa mahali hapana mtandao, akatuma zote usiku alipofika mjini. Msimamizi wake akaona fomu zote zimeingia usiku mmoja, akamwambia: "Ulizijazia nyumbani." Akakatwa siku zake za kazi. Safu yenye saa za mchana ilikuwa kwenye jedwali lile lile, pembeni tu. Msimamizi hakuijua, na rafiki yangu hakuijua pia ili ajitetee. Huyo ni mtu wa klabu. Ekspoze ya Kubernetes aliisikiliza paka mwisho.

Na lugha. Maswali mara nyingi yanaandikwa Kifaransa, kila mmoja anayatafsiri mwenyewe mlangoni mwa mtu. "Ménage" mmoja anasema "familia yako", mwingine "watu wa nyumba yako", mwingine "wanaokula chungu kimoja". Kwenye kambi, ambako jamaa moja imegawanyika mahema matatu, hizo ni hesabu tatu tofauti, na kwa hesabu hizo watu wanapangiwa chakula. Kwenye jedwali la kutengeneza fomu ya Kobo unaweza kuongeza safu moja ya Kiswahili, wote wasome maneno yale yale. Kuiongeza ni dakika chache. Kuchagua neno lipi liandikwe, hapo ndipo kuna kazi ya kichwa, na hakuna mtu wa Seattle atakayeifanya kwa niaba yetu.

Najua jibu la wengine: "Usitufungie Bunia. Tunataka kazi za mbali, na kule wanauliza Kubernetes." Ni kweli, na sisemi ifutwe. Lakini anayekuajiri hatafuti mtu wa kukariri majina ya vipande. Atakuuliza: ujumbe ukifika mara mbili, mfumo wako unafanya nini? Saa za mashini mbili zikipishana, unaamini ipi? Aliyeifungua Kobo atajibu kwa mfano aliouona kwa macho, na akienda kwa Kubernetes ataikuta na maswali mkononi.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa klabu ni dogo. Ekspoze ijayo iwe bila intaneti. Wenye KoboCollect walete simu zao, mtu mmoja alete jedwali la fomu ya kujifunzia, si data za watu wa kweli. Tuzime mtandao, tujaze, tutume mara mbili, tubadilishe saa ya simu, tuone kinachotokea. Maswali yaulizwe kwa lugha yoyote, na yule wa mwaka wa pili apewe nafasi ya kwanza. Breve za kushiriki mnaweza kuzigawa ao kuziacha. Msimamizi mwingine akimwambia mtu wetu "ulizijazia nyumbani", ajue safu gani ya kumwonyesha.