Ufundi wa Kuandika Jeraha

Februari 1918 jarida la The Lancet lilichapa makala ya W. H. R. Rivers, daktari aliyekuwa amewatibu maofisa wa jeshi la Uingereza katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh. Humo mna habari ya ofisa aliyerushwa na mlipuko wa kombora, akaangukia kifudifudi juu ya tumbo lililovimba la maiti ya Mjerumani. Kabla hajazirai alitambua kilichomjaa mdomoni. Kwa siku kadhaa alitapika mara kwa mara, ladha na uvundo ule vikimrudia. Wagonjwa wengine Rivers aliwasaidia kwa kutafuta, ndani ya kumbukumbu waliyoikimbia, jambo moja ambalo wangeweza kulitazama bila kuvunjika. Kwa huyu alitafuta asipate. Akaandika wazi kwamba hakupata, akamshauri aache jeshi, kwa kuwa nafuu aliipata mashambani tu.

Ukurasa ule nauheshimu kuliko vitabu vingi vinavyoahidi uponyaji. Daktari hakujipamba wala hakumpamba mgonjwa. Ametaja mwili ulivyotenda, tumbo na ulimi na pua, akamwachia msomaji uzito wote.

Ugumu wa kuandika hivyo ulionekana baadaye maabarani. Mwaka 1996 watafiti wa Boston, Bessel van der Kolk akiwa mmoja wao, walitangaza matokeo ya kupiga picha ubongo wa watu wanane walipokuwa wakisikiliza maelezo ya mkasa wao wenyewe. Sehemu za woga na za kuona zilichangamka. Eneo la Broca, linalotuwezesha kusema, likafifia. Watu wanane ni wachache mno kujengea nadharia nzima. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kukaa na mtu aliyenusurika ajali mbaya au kipigo ameyaona haya kwa macho: moyo unamwenda mbio, viganja vinatoka jasho, na kinywa hakina la kusema. Mwandishi wa kiwewe anafanya kazi mahali hapo hasa, ambapo mwenye kisa mwenyewe ameishiwa maneno. Akiharakisha, anamwekea maneno yasiyo yake.

Van der Kolk alikuja kuandika The Body Keeps the Score mwaka 2014, kitabu kilichosomwa na mamilioni. Sura zake juu ya wanajeshi waliotoka Vietnam zina subira ninayoisifu hapa. Anaposifia tiba moja baada ya nyingine napunguza mwendo na kuchukua kalamu. Kuhusu kumbukumbu, ni vizuri kukiweka karibu na Remembering Trauma cha Richard McNally, cha mwaka 2003, kinachotetea kwa ushahidi kwamba mambo ya kutisha kwa kawaida hukumbukwa, tena mno. Kumheshimu aliyeumia ni pamoja na kudai ukweli kutoka kwa wanaoandika habari zake.

Ila mwalimu wangu wa usomaji ni daktari wa akili Judith Herman. Katika Trauma and Recovery, cha mwaka 1992, aliwaweka meza moja wanawake waliobakwa, wafungwa wa kisiasa na askari wa vita, akaonyesha kwamba miili yao inasema lugha moja. Kupona amekugawa katika hatua tatu: kwanza usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, halafu kurudi kwa watu. Simulizi ameiweka katikati, haianzi. Naamini msomaji naye afuate mpango huohuo. Vitabu hivi visomwe mchana, pumzi ikiwa imetulia, na palipo na mtu wa kuzungumza naye baadaye. Pumzi ikikatika, kitabu kifungwe, kurasa hazikimbii. Anayezifungua ili kutafuta msisimko wa mateso ya mwingine hajaanza kusoma.

Herman hakuishia hapo. Alikwisha kupita miaka themanini alipotoa Truth and Repair mwaka 2023, akiwauliza walionusurika wao wenyewe wanataka haki ya namna gani. Wengi hawakuanza na jela. Walitaka kwanza jamii iliyowazunguka, ile iliyojua ikanyamaza, ikiri kwamba yaliyowapata yalitokea na kwamba yalikuwa dhuluma. Ameyaandika madai yao kama walivyoyatoa, hata pale yanapopingana na desturi za mahakama.